Jina na Kitu: Ukaguzi wa Sifa katika Lugha ya Python

Makala haya yanakusudia kufafanua namna vitu vilivyohifadhiwa katika programu ya kompyuta vinavyoweza kukaguliwa ili sifa zake zibainike. Lugha inayotumiwa kuwa mfano ni Python, iliyotolewa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991.

Katika isimu, umbo la nomino peke yake halitoshi kuonyesha ngeli yake. Maneno kitabu na kiongozi yote huanza kwa ki-, lakini husemwa "kitabu kimefika" na "kiongozi amefika". Kinachobainisha ngeli hapo ni upatanisho wa kisarufi. Tahadhari hiyo inahitajika pia katika programu.

Na uchukuliwe mfano wa Mkoa wa Pwani. Jina Kibaha hutumiwa na halmashauri mbili, moja ya mjini na nyingine ya wilaya; Kisarawe ina halmashauri moja. Programu inayotambua halmashauri kwa jina pekee itachanganya shule za Kibaha zote mbili, na mgawo wa madawati utakaotokana na hesabu hiyo utakuwa na kasoro.

Kwa hiyo huundwa kwanza ngeli iitwayo Halmashauri, kisha vitu vitatu vilivyo chini yake. Kila kitu hupewa sifa zake mbili, jina na aina. Sifa ya mkoa huwekwa kwenye ngeli yenyewe, kwa kuwa ni moja kwa vyote.

Ukaguzi hufanywa kwa amri tatu. Amri ya type hutaja ngeli ya kitu. Amri ya vars huonyesha sifa ambazo kitu kinazo chenyewe, pamoja na thamani zake. Hapa ndipo Kibaha mbili zinapotengana, kwa sifa ya aina. Amri ya dir huorodhesha majina ya sifa, zikiwamo zilizorithiwa. Ndiyo maana mkoa huonekana katika dir, wala hauonekani katika vars.

Aidha, mtu akitaka kubadili mkoa wa kitu kimoja, kisha akaandika "mkowa", kwa kawaida Python hailalamiki, bali hukiongezea kitu hicho sifa mpya. Amri ya vars hulifichua kosa hilo mara moja.

Kwa muhtasari, jina huelekeza tu kwenye kitu. Anayetaka kujua kitu chenyewe hana budi kuzikagua sifa zake kabla ya kukihesabu.