Kalenda ya Miadi na Saa ya Ng'ambo ya Mto

Kalenda ya miadi katika programu ya wavuti hufuata saa ya simu inayoifungua, mpaka ikatazwe. Kwenye maktaba ya kalenda iitwayo FullCalendar, mpangilio wa saa za eneo usipoguswa hubaki "local", yaani eneo la kifaa. Dar es Salaam jambo hilo halina madhara. Kyerwa linayo: ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda, iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu inayojipangia saa ikinasa mnara wa huko huhamia saa za Kigali. Kwenye mpaka wa Uganda, kule Murongo, saa ni zilezile pande zote mbili.

Hapo ndipo mafundi hukimbilia dawa yao: kuongeza saa moja kwenye msimbo. Dawa hiyo ni sumu. Miadi ya saa 2:00 asubuhi, yaani 08:00, huhifadhiwa kwenye kanzidata kama 05:00 UTC. Simu yenye saa za Kigali huionyesha 07:00. Ikiongezewa moja inasomeka 08:00, fundi anashangilia. Karani wa Kayanga, ndani ya Tanzania, ambaye simu yake haikuwa na kasoro yoyote, sasa anaona 09:00. Na simu iliyotibiwa, ikirudi kwenye mnara wa Tanzania, nayo inasoma 09:00. Aliyeweka miadi ya 08:00 akiwa kwenye saa za Kigali ndiye aliyeumia zaidi: amehifadhi 06:00 UTC, ambayo Kayanga ni 09:00. Hakuna hesabu ya kwenye kioo inayosahihisha kilichoingia kikiwa kibovu.

Tiba ni kuandika eneo kwa jina, Africa/Dar_es_Salaam, pamoja na programu-jalizi ya Luxon au Moment Timezone. Bila programu-jalizi hiyo, FullCalendar husoma saa kama ilivyoandikwa, 05:00 ikabaki 05:00, na fundi yuleyule ataongeza tatu.

Yaliyobaki ni mepesi. Wiki ianze Jumatatu: firstDay ni 1. Mwanzo na mwisho wa saa zinazoonyeshwa kwa siku hupangwa kwa slotMinTime na slotMaxTime, urefu wa kila kipande cha saa kwa slotDuration. Wanaotaka saa za Kiswahili wabadilishe maandishi ya lebo tu, kamwe si eneo. Tukio la siku nzima halihesabu tarehe ya mwisho: ukusanyaji wa kahawa wa tarehe 5 hadi 7 huandikwa kuwa unaisha tarehe 8, la sivyo tarehe 7 itaonekana tupu.