Jina la Ugonjwa na Jicho la Mashine: Picha za Spektra na Utambuzi wa Maradhi ya Muhogo

1.0 Utangulizi

Mkulima wa muhogo anaweza kulihudumia shamba lake kwa mwaka mzima, mimea ikiwa na majani ya kuridhisha, kisha siku ya kuvuna akakuta mizizi imejaa mabaka makavu ya kahawia yasiyofaa kuliwa. Hasara hiyo huletwa na ugonjwa wa virusi uitwao michirizi ya kahawia. Makala haya yanaeleza jinsi picha za spektra na ujifunzaji wa mashine vinavyotumika kutambua maradhi ya aina hii mapema. Hoja yetu ni kwamba mashine haioni ugonjwa. Inachofanya ni kuoanisha nuru iliyorudishwa na jani na jina ambalo binadamu amekwisha kulitoa. Kwa hiyo suala la kutaja, ambalo wanaisimu wanalifahamu vyema, limo katikati ya teknolojia hii.

2.0 Nuru na Jani

Jani lenye afya hufyonza sehemu kubwa ya nuru ya buluu na nyekundu kwa njia ya umbijani, yaani klorofili. Nuru ya kijani hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi, ndiyo maana jicho huliona jani kuwa la kijani. Kupita nanomita 700 hivi huanza eneo la infraredi ya karibu, ambalo jicho letu haliwezi kulitegemea. Katika eneo hili jani hurudisha nuru kwa wingi kutokana na mpangilio wa seli zake na nafasi za hewa zilizomo. Mmea unapodhoofika, kwa kawaida nyekundu inayorudishwa huongezeka na infraredi hupungua.

Badiliko hilo hupimwa kwa kuchukua tofauti kati ya infraredi na nyekundu na kuigawa kwa jumla yake. Tuchukulie kwamba jani moja linarudisha asilimia 50 ya infraredi na asilimia 5 ya nyekundu: kipimo chake ni 0.82. Viwango hivyo vikiwa 40 na 12, kipimo hushuka hadi 0.54. Hata hivyo, namba hii hutujulisha kwamba mmea umedhoofika bila kutujulisha sababu. Ukame, upungufu wa naitrojeni na virusi vyote vyaweza kuishusha.

Aidha, umbali wa kamera una athari zake. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupima nuru katika kanda 13, na katika kanda zilizo bora zaidi kila nukta ya picha huwakilisha mraba wa mita 10 kwa 10. Katika shamba dogo lililochanganywa muhogo, mahindi na kunde, nukta hiyo huyakusanya mazao yote pamoja. Ndiyo maana utambuzi wa maradhi ya muhogo umeelekezwa zaidi kwenye kamera za mkononi, simu zikiwamo.

3.0 Namna Mashine Inavyojifunza

Mashine hupewa picha nyingi, kila moja ikiwa na jina lililowekwa na mtaalamu. Hukisia jina, hulinganisha kisio lake na jina lililotolewa, kisha hurekebisha mizani yake ya ndani ili kosa lipungue. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliotumia picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani nchini Tanzania. Mtindo uliofanya vizuri zaidi ulifikia usahihi wa asilimia 93 kwa picha ambazo haukufunzwa nazo. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa programu ya simu iitwayo Nuru.

Tathmini ya Nuru iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha usahihi wa asilimia 65 katika kutambua dalili za maradhi ya muhogo. Maafisa ugani walipata asilimia 40 hadi 58, na wakulima 18 hadi 31. Majaribio haya mawili hayalingani moja kwa moja, lakini yanatuonya tusichukulie alama za majaribio kuwa ndizo za shambani. Jambo la kuzingatia ni kwamba usahihi wa programu ulipanda hadi asilimia 74 hadi 88 majani sita ya mmea mmoja yalipochunguzwa. Jani moja halitoshi kuusemea mmea mzima.

4.0 Jina na Dalili

Maradhi makuu mawili ya virusi vya muhogo yana historia ndefu katika eneo letu. Batobato ilielezwa na Warburg mwaka 1894 kutoka Usambara, na michirizi ya kahawia ikaelezwa na Storey mwaka 1936 kutokana na kazi yake huko Amani. Neno batobato humwelekeza msikilizaji kwenye jani, ambako kweli dalili zipo. Michirizi ya kahawia, kinyume chake, ni jina linalotokana na alama za shina. Dalili za jani ni umanjano unaofuata vishipa vya majani ya chini yaliyokomaa, ambao hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni uzee wa jani, na hasara yenyewe imo ardhini. Anayeongozwa na jina ataikagua sehemu moja huku kamera ikipiga nyingine.

Kosa hapa lina gharama. Muhogo hupandwa kwa pingili. Pingili iliyokatwa kutoka mmea mgonjwa uliodhaniwa mzima huupeleka ugonjwa shamba jipya, na inzi weupe huusambaza zaidi.

Kamera za spektra zinaleta tumaini la kuitambua michirizi ya kahawia kabla dalili hazijaonekana kwa macho. Lakini pale ambapo mtaalamu haoni chochote, hawezi pia kuipa picha jina sahihi. Jina la kuifunza mashine sharti litoke maabara, kwa kupima virusi vyenyewe.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mashine hurithi uwezo na makosa ya wanaoipa majina. Kuna kazi mbili zinazowangoja wanaisimu na wataalamu wa kilimo kwa pamoja: kukusanya majina ambayo wakulima huyatumia kwa kila dalili, na kuhakikisha kwamba jibu la simu linamweleza mkulima sehemu ya mmea aliyopaswa kuichunguza. Bila hayo, mkulima atapewa jina, naye ataendelea kukata pingili kutoka mmea usiofaa.