Intaneti Isiyo na Waya: Matumizi ya Anga la Pamoja

Siku hizi si ajabu kumwona mwanafunzi ameketi maktabani, mkahawani au katika kituo cha basi, akisoma kwenye simu habari zilizotoka upande wa pili wa dunia, na hakuna uzi wowote unaoonekana. Watu husema kwamba intaneti imo hewani. Usemi huo una ukweli kidogo tu. Mawimbi ya redio hayabebwi na hewa, maana hupita hata mahali pasipo na hewa kabisa. Tena sehemu kubwa ya safari ya habari hizo hufanyika ndani ya nyaya. Kilichomo angani ni hatua ya mwisho, na hatua hiyo ni mali ya watu wengi kwa pamoja.

Chanzo chake

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kutumia mtandao ulioitwa ALOHAnet. Norman Abramson na wenzake walitaka kuunganisha vituo vilivyotawanyika visiwani na kompyuta kubwa iliyokuwa karibu na Honolulu, nao wakachagua redio badala ya waya. Tatizo lilikuwa kwamba vituo vyote vilipeleka ujumbe kwa masafa yaleyale. Viwili vikisema kwa wakati mmoja, ujumbe wa vyote huharibika. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kituo kisichopata jibu kilingoja kwa muda wa kubahatisha, kisha kikarudia. Ndivyo wafanyavyo wazee barazani wanapoanza kusema kwa pamoja. Wote hunyamaza, kisha mmoja hutangulia. Vyombo vya leo vimeongeza adabu moja: kila kimoja hutega sikio kwanza kabla ya kusema.

Ukanda ulioachwa huru

Mwaka 1985 tume inayosimamia mawasiliano nchini Marekani iliruhusu watu kutumia bila leseni baadhi ya kanda za masafa, ukiwamo ule wa karibu gigahezi 2.4. Kanda hizo zilikuwa zimetengewa vyombo vya viwanda, sayansi na tiba, pamoja na majiko ya maikrowevu, na kwa ajili ya kelele zake hazikutamaniwa sana na wenye vituo vya redio. Masharti yalikuwa kutumia nguvu ndogo na kuvumilia usumbufu wa wengine.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1997 wahandisi walikubaliana juu ya kanuni moja ya kimataifa, yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kasi ilifika megabiti 11 katika ukanda huohuo, na jina la Wi-Fi likaanza kutumika. Huko Australia, John O'Sullivan na wenzake walikuwa wamekwisha kutafuta njia ya kushinda mwangwi wa mawimbi yanayogonga kuta na samani, nao waliomba hataza mwaka 1992. Kama kila mwenye nyumba angelazimika kuomba leseni, mitambo hii isingaliingia majumbani kwa urahisi namna hii.

Hesabu ya wimbi

Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya mwendo wa nuru kwa masafa yake. Mita 300,000,000 kwa sekunde zikigawanywa kwa hezi 2,400,000,000, jibu ni mita 0.125, yaani sentimita 12.5. Kwa gigahezi 5, wimbi lina urefu wa sentimita 6, nalo hudhoofika zaidi likipita ukutani. Bati na chuma hulirudisha, maji hulimeza. Kwa hiyo ruta iliyowekwa nyuma ya kabati la chuma huwanyima haki wanafunzi walio upande wa pili. Darasa linaweza kuthibitisha jambo hili kwa kupima nguvu ya ishara kwa simu, mlango ukiwa wazi, kisha karatasi ya bati ikiwa mbele ya ruta.

Mipaka na wajibu

Shule yenye kiungo cha megabiti 20 kwa sekunde, wanafunzi 40 wakikitumia kwa pamoja, humpa kila mmoja nusu megabiti tu. Kununua ruta ya kasi zaidi hakuongezi kitu iwapo waya unaoingia shuleni ni mwembamba. Ni kufunga bomba pana penye maji haba. Pwani ya Afrika Mashariki ililijua jambo hili vyema. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, ukifika Mombasa na Dar es Salaam, mawasiliano ya intaneti yalitegemea sana setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde kwa safari ya angani peke yake.

Jambo la mwisho ni usalama. Wimbi halichagui msikilizaji. Katika mtandao wa wazi, usio na neno la siri, yeyote aliye karibu aweza kunasa yanayopita. Kurasa nyingi sasa hulinda habari kwa kuzigeuza kuwa alama za siri, lakini si zote. Mambo ya fedha na barua za siri yafaa yangojee mtandao unaoaminika.

Anga hili lilifaa watu wengi kwa kuwa halikufanywa mali ya mtu mmoja. Litaendelea kufaa iwapo wanaolitumia watajua kanuni zake na kukumbuka kwamba jirani naye anangoja zamu.