Mwalimu Asiye na Matrikule

Kijana wa Mpofi, mashariki mwa Kongo, anayepata diploma ya Leta, yaani ya serikali, ana mwajiri mmoja aliye karibu: shule ileile iliyomfundisha. Mji wenyewe uko milimani, kwenye barabara inayotoka Masisi kupitia Nyabiondo kuelekea Walikale, na ofisi za kuajiri watu ni chache mno. Kwa hiyo anayetaka kujua vijana wa huko wanavukaje kutoka dawatini kwenda kazini aanze kwa kuchungulia darasani, aone ni nani amesimama mbele ya ubao na analipwa na nani.

Njia ya kufika hapo ni ndefu. Miaka sita ya msingi, miwili ya darasa la saba na la nane, minne ya humanité, yaani sekondari ya juu, halafu Exetat, mtihani wa taifa ambao mtu anaufaulu kwa asilimia 50. Kitengo cha pedagojia kimeenea sana vijijini, na sababu yake ni nyepesi kuelewa: kukifungua hakuhitaji maabara wala karakana. Kufungua kitengo cha umeme au cha ufundi magari kunadai mashine, na mashine zinadai fedha na barabara nzuri. Kwa hiyo vijana wengi wanasomea ualimu kwa kuwa ndicho kitengo kilichokuwapo, na mwito wa kazi hiyo haukuulizwa.

Direkta anampokea mhitimu kwa furaha, maana wanafunzi ni wengi. Faili lake linapelekwa ofisi ya elimu, kisha jimboni, hatimaye Kinshasa, kwenye idara ya kusimamia malipo ya walimu iliyojulikana miaka mingi kwa jina la SECOPE, sasa DINACOPE. Huko ndiko inakotoka namba ya matrikule. Mpaka namba itoke na jina liingie kwenye orodha ya malipo, mwalimu huyo anaitwa N.U., kwa Kifaransa nouvelle unité, yaani kitengo kipya. Anafundisha, anasahihisha, anasimamia mitihani, na mshahara wa Leta haumfikii.

Zamani pengo hilo lilizibwa na wazazi kwa michango waliyoiita prime. Katiba ya 2006, ibara ya 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, lakini utekelezaji ulianza Septemba 2019. Ninaiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Watoto ambao ada iliwafungia nje waliingia darasani. Ila kwa N.U. wa shule ya msingi maana yake ilikuwa nyingine: mchango wa mzazi ulikatazwa kabla mshahara wa Leta haujamfikia. Gharama ya elimu ya bure ilihamia mabegani mwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Tulinganishe na kampuni. Sheria ya Kazi ya 2002 inaweka kikomo cha muda wa majaribio: mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. N.U. hana kikomo kama hicho. Anaweza kusubiri miaka. Na anasubiri kwa sababu ya busara, si uvivu: akiondoka, nafasi inachukuliwa na mwingine, na namba ikitoka haitakuwa yake.

Wengine huchoka na kutafuta kazi kwingine. Kwa upande wa Walikale kuna Bisie, ambako kasiterite, madini ya bati, iligunduliwa 2002 na kuvuta maelfu ya wakreseri, wachimbaji wa mikono. Leo sehemu hiyo ni mgodi wa kampuni ya Alphamin, unaotoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia, na mgodi wa mashine hauchukui watu kama ulivyochukua mgodi wa nyundo na patasi. Hata ajira hiyo iliyorasimishwa ilitikisika Machi 2025, kampuni iliposimamisha kazi waasi wa M23 walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale. Mwingine anakuwa motari, mwendesha pikipiki wa abiria, mwingine anachukua bunduki. Simlaumu wa mwisho kabla sijauliza darasa lilimlipa nini.

Watu wa semina hupenda kuwaambia vijana hawa wajiajiri. Mtu anayelima asubuhi, anayefundisha mchana na kubeba mizigo siku ya soko tayari amejiajiri. Anachokosa ni ufundi unaolipiwa na cheti kinachoutambua. Taasisi ya umma ya kufundisha kazi, INPP, ipo tangu 1964, lakini ofisi yake ya jimbo iliwekwa Goma, si huku vijijini. Mafunzo yanapaswa kuwafuata fundi pikipiki, mwashi na mshonaji walipo, na miaka waliyofanya kazi ipimwe na kuandikiwa cheti.

Mpaka hayo yafanyike, nina neno kwa wadogo zangu mnaoingia darasani kufundisha mwaka huu. Daini barua ya kuteuliwa yenye tarehe ya kuanza kazi, jina la shule na mhuri. Ombeni uthibitisho kwamba faili limepokelewa ofisini. Pigeni picha kila karatasi, diploma ikiwa ya kwanza, na mumtumie ndugu aliye mji mwingine, kwa sababu katika kukimbia vita faili za shule hubaki nyuma, na asiye na karatasi huanza kuhesabiwa upya.