Skrubu ya meno: ishike miezi, kisha ing'oke bila tabu

Mtoto wa Matambarale, wilayani Ruangwa, akihitaji kupangwa meno, safari yake kwa kawaida haiishii hospitali ya wilaya. Mabingwa wa kazi hiyo nchini ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam. Familia hushuka Ruangwa mjini, ikatokea Nanganga kwenye barabara ya Masasi, ikafika Mingoyo, ndipo ianze kupanda kaskazini kupitia Kibiti. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na abiria wa kusini wakakwama. Kwa familia kama hii, skrubu ya kupangia meno iliyolegea mdomoni ni nauli nyingine na siku nyingine za shamba zilizopotea.

Tuanze na kazi ya skrubu yenyewe. Waya za meno husogeza jino kwa kulivuta polepole, lakini anayevuta naye huvutwa. Meno ya mbele yaliyochomoza yakifungwa kwenye magego ili yarudi ndani, magego nayo husogea mbele, na nafasi iliyopatikana kwa kung'oa jino huliwa na yasiyohusika. Mwaka 1997 daktari Mjapani, Ryuzo Kanomi, alieleza njia ya kukwepa hilo: skrubu ndogo ifungwe kwenye mfupa wa taya, na mvuto wote uishie hapo. Skrubu za siku hizi huwa na kipenyo cha kati ya milimita 1.2 na 2, na urefu wa milimita 6 hadi 12. Daktari hupiga ganzi kidogo, akaipenyeza skrubu kupitia ufizi hadi mfupani, mara nyingi katikati ya mizizi ya meno mawili. Kazi ikiisha huifungua, na tundu hujiziba.

Shida ni kwamba baadhi hulegea kabla ya wakati. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta skrubu kama 13 au 14 katika kila 100 hushindwa kazi. Siku za mwanzo skrubu hushikwa na ule ukazaji tu, kama kigingi cha mbuzi kilichopigwa kwenye udongo mgumu. Kisha mwili huanza kuondoa mfupa uliosagika wakati wa kufunga na kujenga mpya. Katika wiki chache za ujenzi huo mshiko wa zamani hupungua huku mpya haujakomaa, na skrubu huwa rahisi kutikisika.

Hapo ndipo wahandisi walipoanza kuutengeneza uso wa skrubu. Wapo wanaoupiga kwa chembe ngumu zinazorushwa kwa kasi, kisha kuuchovya kwenye tindikali, ukatoka na mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho. Wapo wanaopitisha umeme ili utando wa oksidi juu ya titani unenepe, na wapo wanaoumulika kwa mwanga wa urujuanimno kuondoa uchafu wa kaboni. Shabaha ni moja: damu igande vizuri juu yake, na chembe hai za mfupa zipate pa kujishikiza mapema.

Lakini skrubu hii ina sharti ambalo jino bandia la kupandikizwa halina. Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikana na titani, alitafuta mshiko wa maisha. Skrubu yetu lazima itoke. Uso wake ukikwaruzwa mno, mfupa unaweza kushika hadi skrubu nyembamba ikatike wakati wa kuifungua. Shingo yake pia, pale inapopita kwenye ufizi, ikiwa na makwaruzo hukusanya utando wa bakteria, na uvimbe wa ufizi ni njia moja ya skrubu kulegea. Ndiyo maana shingo ni heri iachwe laini.

Kwa wanyama, nyuso zilizokwaruzwa mara nyingi zimeonyesha mshiko mkubwa zaidi. Kwa binadamu tofauti ni ndogo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia skrubu 32 tu: zilizokwaruzwa zilidumu kwa takriban asilimia 93, laini kwa asilimia 82, na tofauti hiyo haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Ningekuwa mzazi wa Matambarale nisingelipa ziada kwa ajili ya uso wa skrubu kabla ya kuuliza mambo mengine. Tabaka gumu la nje la mfupa pale inapofungwa lina unene gani? Watafiti wengi huona milimita 1 kuwa kiwango cha chini kinachofaa. Je, picha ya eksirei imeonyesha mizizi iko mbali? Skrubu inayogusa mzizi hulegea kwa urahisi zaidi.

Mengine yako mikononi mwa mgonjwa: mswaki laini kuizunguka skrubu kila siku, asiichezee kwa ulimi wala kidole, aache sigara. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam, aombe maelezo ya maandishi ya aina ya skrubu na mahali ilipo, ili daktari wa meno wa Ruangwa au Nachingwea aweze kuikagua wiki za mwanzo. Ikitikisika, asiikaze mwenyewe. Ampigie simu bingwa wake kwanza, kwa kuwa huenda chemchemi inayounganisha skrubu na meno ikafunguliwa hukohuko na safari ikasubiri miadi inayofuata.