Bukavu–Kinshasa: kilometa ngapi, masaa ngapi?

Wandugu, wengi wananiuliza hili wakiitwa mahojiano ya kazi Kinshasa. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilometa 1.500. Ndeke ya jet inakimbia kama kilometa 800 kwa saa. Tugawe, tuongeze nusu saa ya kupanda na kushuka: karibu masaa mawili na nusu, basi.

Lakini sisi wa agronomia tunajua shamba halipimwi kwa ramani tu. Tangu vita vilipofika kwenye uwanja wa Kavumu, Februari 2025, njia imepinda. Njia moja ni kuvuka Ruzizi, kupanda gari mpaka Kigali, kuruka mpaka Nairobi (kilometa 760 hivi), ndipo kurudi magharibi mpaka Kinshasa, kilometa 2.400 zingine. Hewani tu ni zaidi ya 3.100, na unaanza kwa kuipa Kinshasa mgongo!

Halafu kuna saa. Kwenye tiketi, kila saa ni ya mji wake. Nairobi iko mbele yetu saa moja, Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Ukiona «Nairobi 10:00, Kinshasa 11:30», usihesabu saa moja na nusu. Ongeza mbili: masaa matatu na nusu.

Anayekuita kutoka Kinshasa labda anawaza ile ndeke ya zamani. Mwambie mapema njia yako ya kweli, na uliza kama mahojiano yanaweza kufanyika kwa simu. Akikubali, akasema 9:00, kwetu ni 10:00.