Mwili katika Safari Ndefu ya Pikipiki

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya ina urefu wa kilomita zipatazo 830. Abiria wa basi huimaliza akisinzia. Mwendesha pikipiki huimaliza kwa mikono, mgongo, makalio na masikio yake. Maumivu ya viungo hivyo yasichukuliwe kuwa usumbufu mdogo, kwa kuwa anayewazia ganzi ya mkono wake huchelewa kuliona lori lililoharibika kwenye kona za Kitonga.

Ganzi hiyo ina maelezo. Ikitokea kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mara nyingi neva ya ulna imebanwa kiganjani; ikitokea kwenye gumba, cha shahada na cha kati, iliyobanwa ni neva ya kati ipitayo kwenye kifundo cha mkono. Chanzo ni mtetemo wa injini pamoja na tabia ya kuuegemea usukani na kuukamata kwa nguvu. Usukani na vishikio vya klachi na breki virekebishwe hadi kiganja kinyooke sawa na mkono, na uzito wa kiwiliwili ubebwe na misuli ya tumbo na miguu. Mzigo ufungwe kwenye pikipiki, usibebwe mgongoni. Ganzi isiyoisha siku kadhaa baada ya safari yafaa ionwe na daktari.

Kiti laini mno hudanganya: sponji hudidimia na mifupa ya makalio hugusa sehemu ngumu ya chini. Dawa yake ni kushuka na kutembea dakika chache kila baada ya saa moja au moja na nusu. Kutembea huko huusaidia pia mzunguko wa damu miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikibana, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Wengi hujinyima maji ili wasisimame kukojoa. Katika joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni upepo hukausha jasho kabla halijaonekana, na msafiri hupungukiwa maji bila kujua. Kichwa kuuma na mkojo wa rangi nzito ni dalili za kutosha.

Huko Makambako mambo hugeuka. Hewa ya nyuzijoto 10, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huhisiwa na ngozi kama nyuzi 4 hivi, na vidole vilivyopoa huchelewa kushika breki. Nguo kadhaa nyepesi chini ya koti lisilopitisha upepo hufaa kuliko sweta moja zito, na zivaliwe kabla ya kuanza kutetemeka.

Masikio husahauliwa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mvumo wa upepo ndani ya kofia ngumu huvuka desibeli 90, ilhali kiwanda hutakiwa kuwakinga wafanyakazi wake kuanzia takriban 85. Vizibo vya sponji hupunguza mvumo huo na uchovu wake, na honi bado husikika.

Kuhusu usingizi, saa za hatari ni alasiri na usiku wa manane. Kulala dakika 20 kandoni, mahali salama, husaidia kuliko kuongeza mwendo. Vidonge vya mafua vyenye klorofeniramini visimezwe asubuhi ya safari. Vinalevya usingizi hata kwa mtu aliyelala vyema.